SOMO KWA WANANCHI: UBORA NA USALAMA KATIKA VYUO VYA MAFUNDI WA NDEGE



Mtu anayetoka Mombo kwenda Bumbuli huipanda milima ya Usambara kwa njia ya Soni. Barabara hupinda kona baada ya kona, mwamba ukiwa upande mmoja na bonde upande wa pili. Abiria wa basi katika njia hiyo huiweka roho yake mikononi mwa watu wawili: dereva, ambaye anamwona, na fundi aliyezitengeneza breki, ambaye hamwoni wala halijui jina lake. Dereva akienda kasi, abiria hupata nafasi ya kumkemea. Fundi aliyekosea, hapana wa kumkemea, kwa kuwa kosa lake limefunikwa ndani ya gurudumu na huonekana siku ya msiba.

Sisi wa visiwani tunaifahamu hali hiyo kwa njia nyengine. Mzee wa Pemba anayepanda ndege kwenda Unguja au Dar es Salaam kutafuta matibabu, naye humtegemea fundi asiyemwona. Yumkini fundi huyo ni kijana aliyezaliwa Bumbuli, akasomeshwa kwa fedha za chai na viazi vya wazee wake. Usafiri wa anga ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na ndege haina bara wala kisiwa. Kwa hiyo chuo alichosomea kijana huyo, na namna alivyosomeshwa, ni jambo linalomhusu mzazi wa Bumbuli anayetoa ada na abiria wa Pemba anayelipa nauli.

Somo hili linaeleza maana ya usimamizi wa ubora na usalama katika vyuo vinavyofundisha matengenezo ya ndege, sababu ya kuwekwa kwa taratibu hizo, na maswali ambayo mzazi au kijana anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa fedha zake.

1. MAANA YA MANENO MAWILI

Maneno "ubora" na "usalama" hutajwa pamoja mara nyingi, hata watu wakadhani ni kitu kimoja. Sivyo.

Ubora, katika kazi hii, si uzuri wa majengo wala sare za wanafunzi. Ubora ni kufanya kila siku, bila ya kupunguza, kile ambacho chuo kimeandika kwamba kitafanya, na kuweza kuthibitisha kwa kumbukumbu kwamba kimefanywa. Ikiwa mtaala umesema mwanafunzi atafungua na kufunga breki za ndege kwa mikono yake mara kadhaa, basi ubora ni kuwa na karatasi yenye tarehe na saini ya mwalimu aliyemshuhudia akifanya hivyo.

Usalama ni kuzitambua hatari kabla hazijaleta madhara, kuzipima, na kuzipunguza hadi kiwango kinachoweza kukubalika. Hapana kazi ya ndege isiyokuwa na hatari hata chembe. Iliyopo ni kazi ambayo hatari zake zinajulikana na zimewekewa vizuizi.

Tofauti yake ni hii: ubora huuliza, "Je, tumefanya tulilosema?" Usalama huuliza, "Je, tulilolisema linatosha? Na kama leo jambo likiharibika, litaharibikia wapi?" Chuo kinachojibu swali la mwanzo peke yake kinaweza kuwa na makabati yaliyojaa karatasi, huku hatari imekaa katikati ya karakana. Chuo kinachojibu la pili peke yake kitakuwa na nia njema, lakini hakitakuwa na ushahidi.

2. FUNDISHO LA ADDIS ABABA, MWAKA 1972

Afrika Mashariki inayo kumbukumbu yake katika jambo hili, na haifai isahauliwe.

Tarehe 18 Aprili 1972, ndege aina ya Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyokuwa safarini kutoka Nairobi kwenda London, ilianza kukimbia katika uwanja wa Addis Ababa ili iruke. Ikiwa katika mwendo mkubwa, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma na tairi likapasuka. Chuma hicho kilikuwa ni kikalio cha jeki, kilichodondoka kutoka katika ndege ndogo iliyokuwa imetumia njia hiyo kabla. Rubani aliamua kuacha kuruka na akafunga breki. Breki hazikushika kwa nguvu zake zote. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaanguka katika mteremko, ikavunjika na kuwaka moto. Katika watu 107 waliokuwamo, 43 walifariki dunia.

Uchunguzi ulieleza kwamba nguvu za breki zilipungua kwa sababu sehemu ya mfumo wake ilikuwa imerejeshwa visivyo baada ya kufunguliwa. Msomaji atazame vizuri. Katika ajali hiyo moja yamekutana makosa mawili ya matengenezo: kifaa cha kazi kilichoachwa katika ndege moja, na breki zilizofungwa vibaya katika ndege nyengine. Kila kosa peke yake pengine lingepita bila ya msiba. Lau chuma kisingeachwa, breki zile zisingepewa mtihani siku ile. Na lau breki zingekuwa nzima, ndege ingepata nafasi kubwa zaidi ya kusimama ndani ya njia yake.

Hatusemi kwamba mafundi wale hawakusoma. Linalosemwa hapa ni kwamba mkono wa binadamu, hata uliosomeshwa, hukosea; na kwa sababu hiyo mafunzo hayatoshi kuwa ya kujua kufunga na kufungua. Ni lazima yawe pia mafunzo ya kuhesabu vifaa, kukaguliwa na mtu wa pili, na kukubali kukaguliwa bila ya kuona kwamba umetukanwa.

Wauguzi na madaktari wanalijua jambo hili. Bumbuli inayo hospitali ambayo kwa miaka mingi imekuwa pia mahali pa kufundishia watumishi wa afya, na mwanafunzi wa kazi ya upasuaji, popote alipo, hufundishwa kwamba mikasi na vitambaa huhesabiwa kabla ya mgonjwa kufungwa. Hesabu isipotimia, jeraha halifungwi. Fundi wa ndege naye huwekewa ubao wenye michoro ya kila kifaa. Kazi ikimalizika na mchoro mmoja ukabaki wazi, ndege haitoki mpaka kifaa kipatikane. Mwanafunzi asiyezoeshwa jambo hilo chuoni hatalizoea kazini, kwani samaki hukunjwa angali mbichi.

3. BOLITI 84

Mfano wa pili unatoka Uingereza, nao una fundisho la namna nyengine, kwa kuwa mhusika alikuwa mtu mzoefu.

Tarehe 10 Juni 1990, ndege aina ya BAC 1-11 ya British Airways iliruka kutoka Birmingham kwenda Malaga. Ilipokuwa katika urefu wa zaidi ya futi 17,000, kioo kimoja cha mbele ya rubani kiling'oka. Nahodha alivutwa na upepo hadi nusu ya mwili wake ikawa nje ya ndege. Wahudumu wakamshika miguu, na rubani msaidizi akaiteremsha ndege Southampton. Nahodha alinusurika, na hapana aliyekufa.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 tu kabla ya safari, usiku. Katika boliti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Msimamizi wa zamu aliyefanya kazi hiyo alichukua boliti ya zamani, akatafuta zinazofanana nayo kwa kuangalia kwa macho, badala ya kufungua kitabu cha orodha ya vipuri. Kazi aliifanya mwenyewe na saini akaitia mwenyewe, kwa sababu utaratibu wa wakati ule haukutaka kioo kikaguliwe na mtu wa pili.

Hapa ndipo ilipo siri ya somo. Msimamizi huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye kutaka ndege itoke kwa wakati, na njia ya mkato aliyoitumia ilimwonekea kuwa ni ujuzi. Fundi mwenye mazoea mabaya ni wa kuogopwa kuliko mwanagenzi, kwa kuwa mwanagenzi huangaliwa, na mzoefu huachiwa.

Katika gereji za magari, fundi hodari husifiwa kwa kulinganisha nati kwa jicho na kupata inayoingia. Kijana aliyekulia katika gereji ya namna hiyo huingia chuo cha ndege akiwa na sifa hiyo moyoni mwake. Kazi ya kwanza ya chuo ni kumwondolea. Ni lazima afundishwe kwamba boliti "inayoingia" siyo lazima iwe ndiyo boliti, na kwamba kitabu hufunguliwa hata na aliyekifungua jana.

4. YANAYOTAKIWA KATIKA CHUO

Nchi zilizotia saini Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Disemba 1944, na zile zilizojiunga baadaye, hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Leseni za mafundi zimeelezwa katika Kiambatisho namba 1 cha Mkataba huo. Mwombaji hatakiwi kuwa na umri chini ya miaka 18. Tena anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 4 katika kazi ya kukagua na kutengeneza ndege, au miaka 2 ikiwa amemaliza mafunzo katika chuo kilichoidhinishwa.

Mzazi na aitazame tofauti hiyo. Idhini ya chuo humpunguzia mtoto wake miaka 2 ya kungojea. Cheti cha chuo kisichoidhinishwa, hata kikiwa na muhuri mkubwa, hakina uzito huo. Katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania idhini hiyo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fani hii ni Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Dar es Salaam. Na katika eneo letu, chuo cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza.

Ili msomaji apate kipimo, tutaje baadhi ya masharti ya nchi za Umoja wa Ulaya kwa vyuo vya aina hii:

(a) Darasa la nadharia lisizidi wanafunzi 28.

(b) Katika karakana, mwalimu mmoja asisimamie wanafunzi zaidi ya 15.

(c) Alama ya kufaulu mtihani ni asilimia 75.

(d) Kumbukumbu za mafunzo na mitihani ya kila mwanafunzi zihifadhiwe bila ya kikomo cha muda.

(e) Kuwe na ukaguzi wa ndani ulio huru, unaochunguza viwango vya ufundishaji na uaminifu wa mitihani, na taarifa yake imfikie mkuu wa chuo anayewajibika kwa fedha na maamuzi.

Sharti la mwisho ndilo roho ya ubora. Mkaguzi wa ndani hapaswi kumkagua mwalimu ambaye ni yeye mwenyewe, na taarifa yake haipaswi kuishia katika meza ya msaidizi. Ikiwa amesema spana ya kupimia mkazo wa boliti haijahakikiwa usahihi wake, basi mwenye uwezo wa kutoa fedha za kuihakiki ni lazima alisikie jambo hilo, na tarehe ya kulimaliza iandikwe.

Aidha, uaminifu wa mitihani si suala la nidhamu peke yake. Katika fani nyengine, mwanafunzi aliyeibiwa mtihani na akapita atajidhuru mwenyewe zaidi. Katika fani hii, swali alilolinunua ndilo breki atakayoifunga.

5. NGUZO NNE ZA USALAMA

Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipitisha Kiambatisho namba 19, kinachohusu usimamizi wa usalama. Usimamizi huo umejengwa juu ya nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni sera. Mkuu wa chuo hutamka kwa maandishi kwamba usalama ni wajibu wake, hutaja nani anawajibika kwa lipi, na huahidi kwamba anayeripoti kosa lake kwa nia njema hataadhibiwa kwa kuripoti.

Nguzo ya pili ni kuzisimamia hatari. Propela inayozunguka, mafuta na mvuke wake, kemikali za kusafishia, jeki zinazobeba uzito mkubwa, umeme na kelele: kila kimoja huandikwa, hupimwa ukubwa wa madhara na uwezekano wa kutokea, kisha huwekewa kizuizi.

Nguzo ya tatu ni kuhakikisha. Vizuizi vilivyowekwa hukaguliwa ikiwa vinafanya kazi kweli, au vimebaki kuwa mabango ya ukutani.

Nguzo ya nne ni kuelimisha na kupashana habari, ili fundisho la kosa moja lisibaki kwa mtu mmoja.

Ni vyema ieleweke kwamba Kiambatisho hicho huvilazimisha vyuo vile ambavyo shughuli zake za mafunzo hukutana na hatari za kurusha ndege, kama vyuo vya marubani. Chuo kinachofundisha matengenezo tu, katika ndege isiyoruka, kinaweza kusema kwamba sharti hilo halikihusu. Kwa maandishi, ni kweli. Lakini hatari ya chuo kama hicho haimo ndani ya ukuta wake. Huondoka na mwanafunzi siku ya mahafali, na hukaa katika mikono yake kwa miaka 30 au zaidi. Kwa hiyo chuo chenye busara hujenga nguzo hizo hata pale sheria inapokisamehe, ili mwanafunzi awe amekwisha ishi katika utaratibu huo kabla ya kukutana nao kazini.

Uzito wa jambo hili umeonekana karibuni. Mwezi wa Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaingiza mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania katika orodha yake ya usalama wa anga, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni upungufu wa watumishi wenye sifa za kutosha na udhaifu wa usimamizi. Watumishi wenye sifa hawapatikani kwa tangazo la siku moja. Hulelewa vyuoni, na malezi hayo huchukua miaka.

6. MASWALI YA MZAZI NA KIJANA

Mzazi wa Bumbuli hahitaji kuwa mhandisi ili akijue chuo. Anahitaji kuuliza, na kutosheka na majibu ya kuonekana kwa macho:

(i) Je, idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipo, inahusu kozi gani hasa, na inamalizika lini? Aombe kuiona, na tarehe aisome mwenyewe.

(ii) Wanafunzi wangapi huwa na mwalimu mmoja katika karakana?

(iii) Mwanafunzi atagusa ndege, injini na vifaa halisi kwa saa ngapi, na nani huandika kumbukumbu hizo?

(iv) Vitabu vya matengenezo vinavyotumika ni vya toleo linalotumika sasa? Kitabu kilichopitwa na wakati kifundishie historia, kisifundishie kazi.

(v) Mwanafunzi akivunja kifaa au akipoteza spana, hufanywa nini?

Swali la tano ndilo lenye kufichua zaidi. Ikiwa jibu ni kwamba hufukuzwa au hutozwa faini papo hapo, basi kijana atajifunza kuficha. Fundi anayeficha spana iliyopotea leo chuoni, kesho ataificha ndani ya bawa. Ikiwa jibu ni kwamba kazi husimama, kila mtu hutafuta, tukio huandikwa na sababu yake huchunguzwa, basi chuo hicho kinafundisha. Hii haina maana kwamba uzembe husamehewa. Anayevunja utaratibu kwa makusudi huadhibiwa. Anayekosea na akasema, husaidiwa na kusikilizwa.

Kijana naye anao wajibu. Afike chuoni akijua hesabu, fizikia na lugha ambayo vitabu vya kazi vimeandikwa kwayo. Na afike na tabia ya ukweli. Ujuzi hufundishika. Mtu asiyeweza kusema "nimekosea" hana nafasi katika kazi hii, hata akiwa hodari wa mikono.

7. MWISHO

Saini ya fundi katika kitabu cha ndege ni fupi kuliko jina lake, lakini ndiyo inayomruhusu mzee wa Pemba kukaa katika kiti chake na kufunga mkanda kwa utulivu. Mzee huyo hatakijua chuo kilichomsomesha fundi, wala hatawajua wazazi waliouza viazi Bumbuli ili ada ipatikane. Atafika salama, atateremka, atakwenda zake. Hivyo ndivyo kazi njema ya fundi wa ndege inavyokuwa: hapana anayeisikia.

Wananchi wanaombwa wautunze ukurasa huu na wawasomee vijana walio katika skuli za sekondari, bara na visiwani.

ZOEZI LA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya ubora na usalama kwa mfano wa kazi unayoifahamu.

2. Katika ajali ya Addis Ababa ya mwaka 1972, taja makosa mawili ya matengenezo na kizuizi ambacho kingeweza kuwekwa kwa kila kosa.

3. Kwa nini fundi mzoefu wa mwaka 1990 hakuligundua kosa lake, na utaratibu gani ungemsaidia?

4. Chuo kimesema hakina haja ya usimamizi wa usalama kwa kuwa ndege yake ya mafunzo hairuki. Toa hoja yako.